Funga, Shangazi, Kunywa Mtindi

Jumanne, 4 Ramadhani 1425
Dodoso limegaiwa darasani. Wanafunzi wa udaktari wanajua nini juu ya probayotiki, yaani vijidudu vizuri vya tumboni? Wanavitumia? Wanawashauri wagonjwa? Nimejaza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwaka wa pili, kiburi cha bingwa. Ninachokijua ni ukurasa mmoja wa kitabu na mtindi ninaokunywa kila futari.

Jumatano, 5 Ramadhani
Shangazi Zuhura, aliyenilea tangu mama alipofariki, anaharisha. Kamaliza juzi antibayotiki za kidonda cha mguu. Hospitali hataki, eti daktari anaye ndani. Kaniuliza, "Daktari, nnafunga au nnafungua?" Akiambiwa na daktari, moyo wake unatulia. Nimejikuta nasema, "Funga, Shangazi. Dawa zimeua vijidudu vizuri. Kunywa mtindi futari na daku, vitarudi." Mpendae nzima, mtaa wetu, ishatangaziwa dawa yangu. Na mimi kichwa kimevimba.

Ijumaa, 7 Ramadhani
Kuharisha hakujakata. Mara sita tangu alfajiri. Midomo imemkauka. Nimemwambia afungue, anywe maji ya chumvi na sukari. Hataki. "Si wewe uliyenambia nifunge?" Kichwa kigumu! Naogopa. Nimefungua kitabu. Mtindi haurudishi maji yanayotoka. Hilo nlilijua! Nlilijibu kwenye mtihani, nikapata vyema.

Jumamosi, 8 Ramadhani
Kaanguka uani saa saba mchana. Macho yamezama, mikono baridi, hajui leo siku gani. Teksi. Hospitali. Dripu. Daktari wa zamu kauliza nani kamwachia afunge katika hali hii. Nimenyamaza. Wallahi nimenyamaza. Hajakojoa tangu asubuhi. Wanasema figo. Yarabi, usinichukulie Shangazi kwa ujinga wangu.

Jumapili, 9 Ramadhani
Bado hakojoi. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Mwisho nimemfuata daktari. "Ni mimi niliyemwambia afunge." Kaniangalia, kisha kaniambia nikae kitandani pale niangalie dripu isisimame. Afadhali angenitukana.

Alasiri. Kakojoa! Kidogo, rangi ya chai. Nimelia mbele ya muuguzi, sijali.

Jumatano, 19 Ramadhani
Shangazi yuko nyumbani, anakula mchana kwa amri ya daktari wa kweli. Leo kaja jirani yetu, Bi Mwanaisha. Mumewe anaharisha tangu jana, na kafunga. "Nipe na mie hiyo dawa ya mtindi. Zuhura anasema ndiyo iliyomponesha." Shangazi anatabasamu, anajivunia mtoto wake.

Nimesema mbele yao: mtindi haukumponesha. Karibu afe, na aliyemwambia afunge ni mimi. Mzee afungue sasa hivi, anywe maji, apelekwe hospitali. Bi Mwanaisha katoka mbio, hata kuaga hakuaga.

Nikangoja Shangazi anifukuze. Kisha kaninyooshea mkono nimwinue, tukaenda taratibu mpaka chooni, kaniegemea begani.