Faili Lisilo na Mwenyewe

Vidin, 11 Januari 2019

Mdogo wangu Ognyan,

Salamu nyingi. U mzima? Mgongo umepona, au bado unainamia kompyuta za watu kutwa nzima? Mimi mzima, ila baridi ya mto Danubi inanitafuna.

Kompyuta uliyonifungia ulipokuja likizo inanguruma kama jokofu bovu. Nimekuta faili nisilolijua, syshost32, linakula nusu ya nguvu zote. Nikilifunga linarudi lenyewe. Ni la nini? Nilifute?

Tarehe 27 mwezi ujao mama anatimiza mwaka tangu afariki. Nitabandika tangazo jipya la kumbukumbu getini, picha yake na majina yetu, na nitapeleka ngano ya kuchemsha makaburini kama ilivyo desturi. Bado najilaumu. Yeye ndiye aliyekataa usiambiwe kwamba anaumwa, nami nikakuandikia "hajambo" mpaka siku ya mwisho. Ningekwambia, ungemuwahi. Nisamehe tena. Njoo basi.

Dada yako

Valencia, 15 Januari 2019

Dada Zdravka,

Pokea salamu. Mgongo ni ule ule.

Usiliguse! Hilo ni faili la mfumo. Ukilifuta kompyuta haitawaka, halafu utanililia. Wewe na mashine, hata redio ya baba uliiua.

Kuja sitaweza, kazi zimenibana. Kuhusu mama nimekwisha kukusamehe, ingawa kunyimwa kumuaga mzazi si jambo dogo. Ndiyo maana imeniuma kuona kwenye tangazo umeandika jina lako peke yako. Mimi si mtoto wake?

Mdogo wako

Vidin, 16 Januari 2019

Ognyan,

Natumaini hujambo. Tangazo lipi? Jumapili nilipandwa na hasira kwa kuwa hukunijibu, nikaandika jina langu tu, nikaona aibu, nikafuta papo hapo. Sikulichapa wala kumwonyesha mtu. Nani amekwambia?

Dada yako

Vidin, 2 Februari 2019

Ognyan,

Hujambo? Wiki mbili umenyamaza. Nikamwita mwalimu Hristofor, aliyekuwa akifundisha kompyuta shuleni. Akanywa pombe yake ya rakia glasi tatu, akaangalia. Anasema faili la mfumo huandikwa jina la waliolitengeneza na hukaa kwenye folda ya mfumo. Hili halina mwenyewe, limejificha kwenye folda uliyoiacha wewe, na limewekwa tarehe 14 Agosti 2017, siku uliyonifungia kompyuta. Linakufungulia mlango ukiwa huko huko Valencia, unaingia, unasoma ninachoandika.

Nijibu.

Dada yako

Valencia, 5 Februari 2019

Dada yangu mpenzi,

Natumaini afya yako ni njema. Ni kweli, niliweka, lakini kwa usalama wako. Mtandaoni matapeli wamejaa na wewe unaamini kila mtu. Sikuwa nasoma mambo yako. Tangazo nililiona mara moja, kwa bahati mbaya. Lifute, yaishe. Huyo mlevi asitugombanishe, tumebaki wawili tu.

Mdogo wako anayekupenda

Vidin, 9 Februari 2019

Ognyan,

Nakuandikia kwa kalamu, si kwa barua pepe tena. Hali yako sikuulizi.

Kabla ya kulifuta, mwalimu alilifungua. Ndani kuna orodha ya kila siku uliyoingia na kila ulichofungua. Tarehe 2 Februari mwaka jana, saa mbili asubuhi, daktari aliniandikia kwamba mama hamalizi mwezi. Saa nne ulikuwa umeshaisoma barua hiyo. Ukarudi kuisoma mara tano. Kesho yake nikakuandikia "mama hajambo" huku nalia, ukanijibu "nafurahi, mbusu kwa niaba yangu."

Siku ishirini na tano, Ognyan! Ulijua, ukaona uwongo wangu unakufaa. Kisha siku ya mazishi ukanifokea kwenye simu mbele ya majirani kwamba nimekuibia mama. Mwaka mzima nimekuwa nikikuomba msamaha, nawe unanipa kidogo kidogo, kama mtu anayemtupia mbwa makombo. Nakuchukia kwa hilo kuliko kwa kutokuja.

Siku zake za mwisho mama alibadilika, akawa anakungoja. Kila jioni aliniuliza, "Ogi anajua?"

Nikamjibu, "Hajui, mama. Angejua, angekuwa ameshafika."

Akaniamini, akalala.

Zdravka