Mlolongo Wetu Mfupi

Alhamisi, jioni. Vumbi la mchana limetulia na miguu yangu inauma kwa kutembea. Mume wangu, Baba Akai, amelala kando ya jiko, viatu bado miguuni. Simwamshi. Nataka kuandika kabla sijasahau alivyokuwa leo.

Jana tulishindwa.

Chama nchini ni kimoja tu, lakini ndani yake kuna wakubwa na kuna sisi. Sisi ni Waturkana wachache wa mtaa huu wa pembeni hapa Isiolo. Hatuna bomba. Tukienda kuteka maji mtaa wa pili tunaambiwa tungoje wenyewe wamalize. Ndiyo maana wazee wakasema safari hii lazima tupate diwani wetu.

Kumpata huyo mtu ndiyo ilikuwa kazi. Mwalimu alikubali, na kabla hata hatujamshangilia vizuri akahamishwa Merti, mbali na hapa. Mchuuzi wa mbuzi akakubali, kibali chake cha kusafirisha mifugo kikakwama. Alipojitoa, kibali kikapatikana. Mkutano wa mwisho, kanisani, kila mtu aliangalia chini. Ndipo mume wangu, fundi wa mawe, mtu anayeona haya hata kuomba aongezewe chai, akanyoosha mkono.

Mimi niliambiwa na wanawake wenzangu, tukingoja maji.

Jioni ile nilimuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ungenizuia," akasema. "Na mimi ningekubali."

Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Mtu mmoja mkubwa alishampitia kazini akamwambia, "Fundi, una watoto wadogo." Wiki hiyohiyo duka alilokuwa akijenga mjini likapewa fundi mwingine.

Kwa hiyo nakiri hapa, kwenye daftari ambalo yeye halifungui: nilimwomba Mungu mume wangu ashindwe.

Siku hizi hakuna karatasi ya kura. Unasimama nyuma ya picha ya mtu unayemtaka, mbele ya macho ya wote, unahesabiwa. Jana uwanjani mlolongo wa diwani wa zamani ulifika golini, ukazunguka, ukarudi. Picha yetu ilishikwa na binamu. Ni ile ya harusi, mume wangu hana nyingine, na mimi nimekunjwa nyuma. Karani akauliza, "Na huu mkono ulioko begani ni wa nani?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Halafu nikageuka kuangalia nyuma yangu. Vichwa vichache tu. Wengine walioapa kule kanisani kusimama naye walikuwa kule kwenye mlolongo mrefu, wanaangalia viatu vyao. Nikashikwa na uchungu ambao sikuutegemea. Nilitaka ashinde. Nilitaka sana, na nilikuwa nimechelewa kutaka.

Ndipo nikamwona Mama Halima. Huyu anauza sukari na vitambaa. Babu yake aliletwa huku akiwa askari wa Mwingereza, na wanawe wana malori. Wote walikuwa kwenye mlolongo mrefu, naye alikuwa katikati yao. Akatoka. Akakata uwanja polepole na mwavuli wake.

"Mama! Mama, rudi!" mwanawe mkubwa akaita.

Hakugeuka. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Salaam aleikum, Mama Akai. Songa kidogo uingie kivulini."

Karani hakuchukua muda kutuhesabu.

Leo asubuhi nilidhani mume wangu atajificha ndani. Akanyoa ndevu, akavaa koti. "Twende tukawashukuru," akasema. "Sasa kila mtu anawajua. Tusiwaache peke yao."

Tukazunguka nyumba kwa nyumba. Huo ndio uzuri wa mlolongo mfupi, unaweza kumshika kila mtu mkono. Kwingine tulifunguliwa mlango nusu. Mzee mmoja alituomba tuondoke haraka, kisha akatukimbilia njiani na kibuyu cha maziwa, macho yamejaa machozi.

Kwa Mama Halima tulifika mwisho. Wanawe hawajamsemesha tangu jana. Mume wangu alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Mama, nimekuletea shida."

"Shida gani?" akasema. "Baba yangu alizaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, na bado naulizwa tulitoka wapi. Wewe pia unaulizwa. Nimechoka kusimama na watu wanaouliza hivyo. Ingieni mnywe chai."

Tulikunywa. Mume wangu alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia, juu ya bomba, juu ya shule, na yule mama akamsikiliza kama diwani.

Tulipoaga, akasema atatusindikiza. Akanishika mkono, akatupitisha mbele ya duka la wanawe makusudi, akiongea kwa sauti. Yule mkubwa alikuwa amekaa kibarazani. Akainuka. Nilihisi vidole vya Mama Halima vikikaza vyangu.

Kijana akatuangalia, mmoja mmoja. Akampa mume wangu mkono. Kisha akamgeukia mamake, sauti chini kabisa.

"Mama, umekula?"

Mama Halima alifunika uso kwa mtandio wake, na mwanawe akamshika bega.

Tuliwaacha hapo.

Sijui kama tutapata mtu mwingine wa kusimama, wala kama huyu aliyelala hapa atathubutu tena. Ila asubuhi nitarudi kwa yule mama, bila habari yoyote ya kura. Nitaenda kumjulia hali tu.