Zeze la Baba Halikurudi

Jumanne, Makutupora

Sauti haikurudi. Moyoni nilijua, lakini ilibidi nijaribu.

Baba alipofariki, tulibaki na rekodi moja tu ya zeze lake, niliyoirekodi mwenyewe hapa uani. Kaka aliibana iwe MP3 ndogo ili aweze kuituma kwa ndugu wote, kisha akaifuta ile kubwa akidhani ni kitu kilekile. Leo nimeipeleka studio mjini, nikamwomba fundi airudishe ilivyokuwa.

Akaigeuza kutoka MP3 kuwa faili la aina ile ya mwanzo. Faili likawa kubwa kweli. Tukasikiliza.

"Pole, dada. Ukubwa umerudi, sauti haijarudi," akasema. "Kilichokatwa wakati wa kubana hakipo tena."

Zeze linasikika kama linapigwa ndani ya debe. Mkwaruzo wa upinde kwenye nyuzi, na ile pumzi ya Baba kabla hajaanza kuimba, vyote vimepotea. Naogopa hata mimi nitavisahau.

Niliporudi nyumbani, Mama aliomba asikilize hivyohivyo. Akaiweka simu sikioni mpaka wimbo ukaisha.

"Huyu anayepiga ni nani?"

Nikamwambia ni Baba. Akatikisa kichwa kukataa, akanirudishia simu.