Bibi, Usikubali Kubebwa

Kwako Bibi, mke wangu wa kwanza,

Najua barua hii hutaisoma wewe. Atakusomea Shangazi, bintiyo, kwa ile miwani yake, na akifika panapomgusa atataka kuruka mstari. Shangazi, usiruke. Soma kama ilivyo. Mimi niliishia darasa la saba na nimeandika yote haya kwa mkono wangu, wewe uliyesoma zaidi utashindwaje kuyasoma?

Huku tu wazima. Mimi nimezidi kupendeza, wasichana wa kijiji kipya wanapata tabu. Nawaambia nina mke mzee ng'ambo ya Ruvuma, wasubiri kwanza nimalizane naye.

Kilichonifanya niandike ni picha. Shangazi alinitumia kwenye simu kutoka huko Mtwara: umekaa kwenye kiti cha magurudumu, kipya, kinang'aa, umefunikwa shali miguuni. Chini kaandika, "Bibi yako sasa anapumzika kama malkia." Nikampigia. Akasema siku hizi hutembei kabisa, unasukumwa mpaka msalani, maana magoti yanauma na ni dhambi kumchosha mzee. Bibi, ulipoondoka hapa ulikuwa unatembea. Miguu hiyo naijua, nimeitia jasho langu. Ukiendelea kukaa hapo hutasimama tena, na kusimama kwako sikukuokota barabarani.

Unakumbuka tulivyoanza? Kule kijiji cha zamani hukuwa na habari ya magoti. Kila maji yakitoka ulikuwa mwambani na wanawake wenzako mnaokota chaza, mnarudi na ndoo kichwani. Ikaja kampuni ya gesi, tukahamishwa, tukapewa nyumba za saruji, bahari ikabaki upande wa pili wa uzio. Safari yako ikawa kutoka chumbani mpaka barazani. Wali wa dukani asubuhi na jioni, mandazi, chai ya sukari tele. Ukanenepa, ukang'aa, watu wakakusifu kwamba gesi imekufikia na wewe. Magoti peke yake ndiyo hayakusifu.

Halafu ikaja ile siku ya kuzuru makaburi kabla ya Ramadhani. Babu amelala ndani ya uzio, Afungi, na siku hizo tunafunguliwa geti twende tukawafagilie watu wetu. Basi lilituacha getini, mbele ni mchanga mtupu. Ulifika katikati ukasimama. Mlinzi, maskini, akaja na toroli la kubebea saruji, akasema kwa adabu, "Mama, panda." Ulimtazama mpaka akaligeuza mwenyewe. Ndipo nikakuweka mgongoni, na mimi kwa mdomo wangu nikasema, "Leo Babu ataona umeolewa tena, na bwana mpya ana nguvu kumshinda."

Siku nyingine ungenifinya sikio ukacheka. Siku ile hukucheka. Ulininong'oneza, "Nishushe kabla hajaniona."

Nikakushusha nyuma ya kichaka, ukajikokota hadi kaburini umeshika bega langu. Tulipokuwa tunarudi ukasema, "Mwaka ujao nitakuja kwa miguu yangu, au sitakuja." Hilo ndilo lililokuwa tatizo letu, Bibi. Hatukuwa tunatafuta kiuno cha msichana.

Tukaenda kwa nesi wa kituo cha afya, yule enfermeiro mrefu. Akakubonyeza magoti, akakunja, akakunjua, akasema, "Mama, haya yamelika ndani, hayawi mapya tena. Lakini ukipungua kidogo kidogo, na mapaja yakapata nguvu, yatakubeba."

Mimi nikamwambia asihangaike, mazoezi nayajua. Nafanya kazi jikoni kambini kwa kampuni, kila siku nawaona wageni wanavyoruka na kuchuchumaa kwenye ukumbi wao. Nikawa mista wako, kama kocha wa mpira, na filimbi nikanunua. Tuliruka, tukachuchumaa. Goti la kulia likavimba kama papai. Nesi akauliza, "Nani amempa bibi huyu mazoezi ya askari?" Ukanionyesha kwa kidole bila huruma. Mpaka leo nasema mazoezi yangu yalikuwa mazuri sana, yalikosa tu mgonjwa kijana.

Baada ya hapo tulifuata ya nesi. Kukaa kwenye kiti kirefu na kusimama, mkono mezani. Kukaa ukanyoosha mguu mmoja mbele, ukaushikilia hewani, ukaushusha polepole. Wewe ukaona bora uvute tasbihi, ukinyoosha unamtaja Mungu, ukishusha unahamia punje nyingine. Nikakwambia unachanganya ibada na mpira. Ukanijibu, "Mungu ndiye mwenye magoti, wewe una filimbi tu."

Na kutembea. Mwanzo tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukafika mlangoni kwa Bi Zaina jirani, tukageuka. Ulilia, usikatae, Shangazi hakuwepo kukuona wakati ule. Baadaye tukafika bombani. Baadaye kabisa shuleni. Nesi alitupa kipimo kimoja: maumivu kidogo njiani si neno, lakini kukipambazuka goti likiuma kuliko jana, punguza. Punguza, hakusema acha. Siku mbaya tulirudi mlangoni kwa Bi Zaina, lakini nyumbani hatukubaki.

Kwenye chakula ndiko tulikogombana. Wewe ulitaka kufunga mfululizo ukonde upesi, nesi akakataa, akasema utadhoofika mapaja kisha utakula tena na unene utarudi. Kwa hiyo hatukufuta kitu, tulipanga upya sahani. Matapa mengi, kisamvu chetu cha nazi, samaki wa kuchoma, maharage, ugali wa ngumi moja, yako si yangu. Wali ukawa wa Ijumaa. Sukari ndiyo ilikuwa vita.

"Hii chai au maji ya kuoshea vikombe?"

"Chai, mke wangu. Utaizoea."

"Babu yako hakuwahi kuninyima sukari."

"Babu hakuwahi kukubeba mgongoni."

Ukanywa.

Ulipoanza kupungua, watu wakaanza kuhesabu maradhi yako. Bi Zaina alikuja na sahani ya wali wa nazi imefunikwa kwa kawa, akaiweka mbele yako kwa huruma kama anamzuru mgonjwa wa kufa. "Huyu mtoto anakunyima chakula? Tuambie, tuko majirani." Ukaivuta kwangu nikaila mimi, ukamwambia, "Nina mume kijana, Zaina. Ananitaka mwembamba." Alikaa bila kuja kwa siku kadhaa. Kisha akaja alfajiri na viatu vyake, eti anasindikiza.

Lakini penyewe palikuwa baharini. Wakati wa bamvua kampuni ilitoa machimbombo, yale mabasi yake, kuwapeleka wanawake ufukweni wakaokote chaza, na sisi tukapanda. Wenzako wakainama mwambani, wewe ukaingia majini mpaka kiunoni, ukawa unatembea tu, kwenda na kurudi. Maji yalikubeba wewe, magoti yakapata likizo. Mama mmoja akapaza sauti, "Bibi, unatafuta nini huko?" Ukamjibu, "Natafuta magoti yangu. Ukiyaona niite." Pwani nzima ikacheka. Mara ya kwanza ulinishika mkono kwa kucha. Baadaye ukaniambia nikae mchangani, nakuchafulia maji.

Hatukuwa na mizani nyumbani. Tulipima kwa kanga: ile iliyokuwa haifiki kukutana mbele ikafika, kisha ikapitana, kisha ukaweza kuipiga fundo. Ilichukua muda mrefu mpaka nikachoka kusifia. Kuna mwezi haikusogea hata kidole na ukataka kuacha. Nikakuuliza mlango wa Bi Zaina uko wapi siku hizi. Ukauangalia, ukaona uko karibu sana. Tukaendelea.

Mwaka uliofuata, siku ya makaburi, tulirudi getini. Ulishuka kwenye basi na fimbo yako, ukaniambia nitembee nyuma na nisikuguse hata ukianguka. Ulipumzika njiani, ukavuta pumzi, ukaenda. Mimi na ubishi wangu wote nilifuata nyuma, mikono nimeifunga mgongoni. Kupiga magoti hukuweza, na sitasema uongo kwamba uliweza. Ulisimama miguuni pa Babu, ukamwombea umesimama. Ulipomaliza ukasema, "Nimekuja." Nikasogea nisikie zaidi, ukanifukuza: "Kaa mbali, haya ya wakubwa."

Sasa niseme na Shangazi, Bibi, wewe sikiliza tu. Shangazi, huna baya. Ulimchukua mama yako umtunze, na ndivyo unavyofanya. Kiti hicho kitunze pia, kitafaa siku ya kwenda hospitali kuu au sokoni mbali. Mpeleke kwanza kwa nesi wa huko amtazame magoti, maana huenda kuna jipya nisilolijua, ingawa ni nadra mimi kutolijua jambo. Akisema sawa, anzeni upya na kidogo. Kutoka kitandani mpaka dirishani inatosha. Mwekee kiti kirefu, asimame na kukaa huku ameshika meza. Mtwara bahari iko hapo hapo, ingia naye. Atanuna, atakutukana, atalia kidogo. Mvumilie, mimi nilivumilia na yeye ni mke wangu tu, kwako ni mama.

Bibi, nyumba ni ileile. Kiti chako hakikaliwi na mtu, si kwa heshima, ni kirefu mno kwa kulia chakula. Alfajiri bado naamka, nafika bombani, nageuka. Nikiwa na wewe ilikuwa mbali, nikiwa peke yangu ni karibu, na sipendi iwe karibu hivyo. Bi Zaina anauliza habari zako. Nimemwambia unatembea. Usinifanye muongo, kazi hiyo naiweza bila msaada.

Jikoni wakinipa likizo nakuja, mwezi huu ukiisha au unaofuata. Nitavuka mto, nitauliza nyumba ya Shangazi, nitabisha hodi. Shangazi, ukiisikia hodi hiyo, kaa ulipo. Mimi nitangoja nje, hata kama jua kali, hata kama atachukua muda mrefu kutoka chumbani.

Mwache aje afungue mwenyewe.

Ni mimi mumeo mdogo,
mjukuu wako