Ukifika Pale Juu

2 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko ugenini? Mimi mzima, ila koo. Mwisho wa mwezi bendi yetu inatimiza miaka thelathini na lazima niimbe ule wimbo wangu mkubwa. Ulipokuwa hapa, tukifika pale juu, kwenye ile noti ya juu kabisa, mimi napanua mdomo tu, wewe nyuma yangu unaitoa sauti, watu wananishangilia mimi. Wezi wakubwa sisi! Sasa nyuma hakuna mtu. Daktari ameona mshipa umevimba kooni. Nikilazimisha unaweza kupasuka, nikakosa hata sauti ya kuongea. Naogopa, mwanangu.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi. Mwambie mpiga gitaa aushushe wimbo, auanzie chini zaidi. Waimbaji wa umri wako wanashusha kila siku na hakuna anayewacheka. Acha ubishi wa kizee. Niahidi hutapanda kule.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kazi zinaendaje? Basi, nimemeza kiburi. Mpiga gitaa kaushusha, tumefanya mazoezi, napita pale juu bila hata kukunja uso. Ila nasikika mzito kama fundi bomba anayeimba chini ya sinki. Nacheka mwenyewe.

Baba yako

1 Aprili

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Nimepiga simu tangu Jumapili. Jana ikapokelewa, nikasikia pumzi tu, kisha ikakatika. Ulikuwa wewe? Naogopa hata kuuliza. Niandikie, japo neno moja.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa mimi. Mwilini sijambo.

Wimbo ulipita salama. Ukumbi ukalipuka, wakataka turudie. Mpiga gitaa akazidiwa na furaha, vidole vikaenda vilikozoea miaka yote: akaanza kule juu, kama zamani. Nilijua mara tu alipogusa nyuzi. Ningeweza kunyamaza. Nikageuka nyuma kukutafuta, kisha nikapanda mwenyewe. Niliifikia, mwanangu! Walisimama wote. Halafu nikaonja damu.

Daktari anasema tusubiri. Hasemi tusubiri nini. Mpiga gitaa anakuja kila siku kulia hapa, nami namfariji kwa kumpigapiga mgongo.

Siku ile nilipokea nikijua ni wewe. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Niliogopa, nikakata. Usiache kupiga. Nitapokea. Ongea wewe, hata habari za mvua, na usiniulize kitu.

Baba yako