Gari la Viti Viwili

Baba mkwe mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi, maana sijawahi kukusemesha. Miaka kumi na minne nimeishi nyumbani kwako Talatala. Nimekupikia, nimekufulia mashuka, nimekuletea wajukuu wawili, na katika muda wote huo mimi na wewe hatukuwahi kusalimiana hata mara moja.

Wasomaji watadhani tuligombana. Hatukugombana. Na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, niwaeleze wasio wa kwetu: sisi Wanyakyusa tuna jambo linaitwa kutila. Mkamwana hamtazami baba wa mume wake, hamsalimu, haketi anapoketi yeye, na jina lake halitamki kabisa. Wakikutana njiani, mwanamke huchepuka, akachutama na kugeuza mgongo mpaka mkwe apite. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa mjini. Nyumba yako haikulegeza. Na mimi, nikuambie ukweli, mwanzoni niliona ni heshima, baadaye nikaona ni kero, mwishowe nikazoea kama tunavyozoea mvua ya Kyela.

Kwa hiyo nilikufahamu kwa sikio. Ulirudi mwaka uleule nilioolewa na mwanao Lusajo, baada ya kufanya kazi gereji huko Afrika Kusini miaka mingi. Wenzako walirudi na redio na mablanketi. Wewe uliingia kupitia mpakani Kasumulu ukiendesha gari la kijani, la chini, lenye boneti ndefu na taa za duara, viti viwili tu na juu hakuna paa. Lilikuwa limeigwa kwenye yale magari ya zamani ya Waingereza. Bodi ilikuwa ya faiba, kama boti, na ndani yake, huko gereji, mlifunga injini ya pikapu ya Kijapani.

Talatala nzima ilicheka. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na mzee kaleta gari lisilo na paa! Haikupita wiki wakalipa jina, Kipara. Jirani mmoja alikuja kulitazama, akaligonga ubavuni kwa kidole, akasema, "Kumbe feki." Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nikakusikia ukimjibu taratibu: "Feki ni la kumdanganya mtu. Mimi nilimwambia kila mtu kwamba hili limeigwa. Hilo lenyewe ningelipata wapi?" Nilikupenda siku ile, baba mkwe. Nilipenda mtu anayejua alichonacho.

Hukujua wakati ule kwamba mkamwana wako amekulia kwenye injini. Baba yangu mzazi alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Mwaya, na pikapu ya magunia aliyonifundishia kuendesha, na kabla sijajua kusonga ugali nilishajua kwa mlio tu kama mashine ina shida gani. Basi Kipara alipoanza kukohoa, mimi nikiwa nachochea moto, nilijua. Mafundi husema injini inamisi, yaani silinda moja haichomi. Wewe ulihangaika na kabureta wiki nzima. Ulikuwa unafungua na kufunga, huku ukinung'unika kwa Kinyakyusa maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua.

Nikamwambia Lusajo, "Mwambie baba aache kabureta, atazame plagi." Mwanao ni mwalimu mzuri wa hesabu, lakini kufungua boneti hajui mpaka kesho. Akaniambia, "Mimi nikamfundishe baba gari?"

Jumapili nikasingizia kichwa kinauma. Mlipokwenda kanisani niliwasha gari, nikawa nachomoa waya za plagi moja moja. Kila nilipochomoa, mlio ulidhoofika. Nilipofika ya tatu, haukubadilika. Plagi hiyo ilikuwa imepasuka. Nikaweka nyingine kutoka kwenye kopo lako, nikafunga, na juu yake nikalaza spana, ili ujue mkono umepita hapo. Kisha nikarudi kitandani kuugua.

Mliporudi ulifungua boneti, nikasikia ukiiokota spana. Ukawasha. Injini ikazunguka vizuri, bila kusita. Nilisikia ukisema, na hukuwa unamwambia mkeo, Mama, wala Lusajo: "Kipara, naona umepata daktari."

Maharage yangu yaliungua siku hiyo na sikujali.

Toka hapo tukawa na namna yetu. Asubuhi ungesimama kando ya gari, karibu na jiko, useme kwa sauti ya mtu anayehutubia: "Kipara, leo breki zinalia." Au, "Kipara, mbona unakunywa mafuta kama mgeni wa harusi?" Kisha ungekwenda kwenye kokoa zako, na mimi ningetoka na kanga yangu kiunoni. Nikishatengeneza, nalaza spana juu ya kitu nilichogusa. Kikihitajika kifaa kipya, naiegemeza spana kwenye gurudumu na kile kibovu nakiweka kando yake, nawe ungekwenda nacho mjini kwenye duka la spea. Siku moja uliondoka bila kutazama chini ya boneti, na spana ikagongagonga huko ndani mpaka Matema na kurudi. Ulipofika ukamwambia Kipara, "Kuna mtu amenipakia abiria, na ana kelele." Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa kanga.

Jumapili mchana ulikuwa unampeleka Mama kule Matema kutazama ziwa. Viti viwili, kimoja chako, kimoja chake. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya migomba kusikiliza unavyobadilisha gia. Gia ya pili ulikuwa unaichelewesha. Nilitamani kukuambia.

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, na leo nalisema. Sikutamani gari. Nilitamani uniite. Mara moja tu useme "wewe" ukimaanisha mimi, nami niitike.

Unaikumbuka siku ile kifua kilipokubana. Lusajo alikuwa Mbeya kusahihisha mitihani. Mama alikukuta umeketi chini kwenye kokoa, pumzi inakatika. Bodaboda alikuja, akakutazama, akasema huyu hawezi kukaa nyuma ya pikipiki. Tulipiga simu mjini kuomba gari, wakasema tusubiri. Tukasubiri. Nikasikia wakisema midomo yako inabadilika rangi. Mama akaja jikoni, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Utamwendesha wewe," akasema.

"Mama, na kutila je?"

"Kutila hakujui kushika usukani, mwanangu."

Lakini naye ni Mnyakyusa. Kabla hatujaondoka alichukua kanga yake nzuri ya kanisani, akaifunga katikati ya viti viwili, kutoka kwenye fremu ya kioo cha mbele mpaka kwenye bomba la nyuma ya viti. Wewe kushoto, mimi kulia, na pazia kati yetu. Wanaume wawili walikuingiza. Mimi niliingia nikiwa nimegeuza uso, nikakanyaga klachi.

Mama hakufikiria upepo. Nilipoingiza gia ya tatu tu, kanga ikajaa, ikajifungua, ikaruka. Niliiona kwenye kioo ikitua shambani kwenye mpunga. Na sisi tukabaki bega kwa bega, bila paa, bila pazia, watu wanatutazama kutoka barazani. Nilijisikia kama niliyevuliwa nguo sokoni. Machozi yakanitoka. Nikaiba jicho mara moja, nikaona umefumba macho. Nilidhani umenifia. Nikapunguza mwendo.

Ukasema, macho umefumba vilevile, kwa pumzi iliyobaki: "Kipara, nani kakuambia upunguze? Kanyaga."

Nikakanyaga. Hukufumbua macho mpaka wauguzi walipokushusha. Ndipo nilipoelewa kwamba hukuyafumba kwa maumivu. Uliyafumba ili mimi niendeshe bila aibu. Kule hospitali, karibu na bomba la kunawia mikono, nililia peke yangu. Nililia kwa hofu, na nililia kwa jinsi ulivyonistahi.

Moyo ulikuwa umechoka, wakasema. Baada ya siku chache ulirudi nyumbani. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema mwiko umeshavunjika, basi uondolewe kwa taratibu zake: mkwe atoe zawadi, mkamwana apokee, halafu waongee kama watu wengine. Nilikuwa jikoni, nasikiliza. Mama ndiye aliyeniletea jibu lako.

"Amekataa," akasema. "Anasema akianza kuongea na wewe, utamkataza kugusa gari."

Mama alicheka. Mimi sikucheka, baba mkwe. Nilikukasirikia. Nilijiona mtu wa kutumwa, wa kufungua na kufunga, asiyestahili hata neno moja. Wiki nzima sikugusa spana. Wewe ukasimama kila asubuhi kando ya gari, umeegemea fimbo, na hukusema kitu.

Nilirudi mwenyewe, kwa kuwa sikuweza kuvumilia ule mlio wa injini inayokohoa. Na wewe miguu ilipoacha kukubeba, kitanda chako kikasogezwa dirishani. Mimi nikawa narekebisha mlio wa gari likiwa limesimama, nawe ukijibu kwa fimbo sakafuni. Kugonga mara moja, niongeze. Mara mbili, nipunguze. Ukinyamaza, imekaa sawa, na mimi najua kwa kuwa nasikia unavyovuta pumzi umeridhika.

Asubuhi ile niliongeza kidogo, nikasubiri. Ukanyamaza. Nikafurahi kwamba tumeipata mara ya kwanza. Nikasikiliza tena. Kisha Mama akatoka nje, na kwa namna alivyoshika mlango nikazima injini.

Kwenye matanga nililia kuliko binti zako, wakashangaa. Siku ya tatu Mama aliniita tukiwa tunamenya ndizi za wageni.

"Wewe ulikuwa unadhani zile waya zinajichomoa zenyewe?" akaniuliza.

Sikuelewa.

"Kila Jumatano, kabla ya kwenda kwenye kokoa, alikuwa anaingiza mkono mle ndani analegeza kitu. Nikamuuliza, mzee, unaharibu gari lako kwa nini? Akasema, 'Yule mtoto yuko peke yake jikoni. Namwachia neno la kuzungumza.'"

Baba mkwe, nilitupa kisu. Miaka yote hiyo nikijiona daktari! Nikazikumbuka zile nati zilizolegea bila sababu, lile bomba lililotoka siku moja baada ya mimi kulikaza, yale matatizo madogo madogo ambayo hayakuwahi kuwa makubwa. Nilikuwa nadhani nakuhudumia. Kumbe tulikuwa tunaongea, na wewe ndiye uliyekuwa unaanza kila mara.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Kipara yupo. Jumapili mimi ndiye ninayempeleka Mama Matema, na gia ya pili siicheleweshi. Mama anasema naendesha kama mtu aliyeibiwa, anamfukuza mwizi. Turubai la mvua limechanika, nimelishona. Rangi imepauka kwenye madigadi ya mbele, nitaitafuta nyingine ya kufanana. Ninachokosa ni hitilafu. Sasa gari likiharibika, limeharibika tu, na likipona hakuna wa kulipongeza. Kuna Jumatano nafungua boneti nakuta kila kitu kimekaza, naifunga tena, na moyo unakuwa mzito mpaka jioni.

Juzi alikuja kijana wa kupiga picha za harusi, kutoka Mbeya. Amesikia kuna gari la namna hii, anataka tumuuzie awe anapigia maharusi picha. Alilizunguka, akalisifu, akanifungulia boneti kama mimi sijui iko wapi. Halafu akauliza, "Gari lenyewe hili ni la nani?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Siku zote nilikuwa najibu "la babu yao" au "la mwenye nyumba," maana jina lako halikuwa la kinywa changu. Na katika nyumba hii halikuwa la kinywa cha mtu yeyote. Lusajo alikuita baba, wajukuu babu, Mama alikuita Baba Lusajo maisha yake yote. Wazee wenzako waliokuita kwa jina hawaji tena.

"Ni la Ambilikile," nikasema.

Lilitoka zima, kwa sauti, jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni "ameniita". Mama alikuwa barazani anachambua mchele, ungo mapajani. Mikono yake ikasimama. Nikajua nimemkosea yeye, nimekukosea wewe, nimeukosea ukoo wote. Nikamwacha yule kijana na boneti yake, nikaenda nikapiga goti mbele ya Mama kuomba radhi.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama gari.

"Litaje tena," akasema.

Nikalitaja. Akafumba macho. Akaniashiria kwa kidole, tena. Kijana wa Mbeya aliaga mara mbili, hakuna aliyemjibu, akaondoka bila gari. Mimi niliketi pale chini, nikamtajia Mama jina lako mpaka mchele ukaisha.

Lala salama, Tata Ambilikile. Ndaga fijo, asante sana, kwa mazungumzo yote.

Ni mimi,
mkamwana wako.