Shikamoo ya Oliva

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tadei, kaka wa mume wangu, kaja kutoka Mpitimbi. Oliva wangu hakumwamkia. Kamzaba kofi, mtoto kaangukia jiko la mkaa! Miaka saba, na nyumbani haishi maneno huyu. Akiona mtu wa nje — kimya. Shuleni hajatamka neno tangu aanze. Tadei anasema ni jeuri, dawa yake fimbo. Mume wangu kakaa tu anakunywa chai. Nimewachukia wote wawili.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi kanisani kupakwa majivu, kisha hospitali. Daktari kasema si jeuri wala si bubu. Ni woga, unamkaba koo. Tusimlazimishe, hata shikamoo. Wageni awapungie mkono, inatosha. Niwe nacheza naye darasani wenzake wakishaondoka, mwalimu asogee kidogo kidogo. Na akipigwa je? Kila kofi linamrudisha nyuma, kasema.

Jumanne, 18 Machi
Ameongea! Tunacheza na visoda, Mwalimu Tumpe yuko dirishani anasahihisha madaftari. Oliva kwa sauti kabisa: "Mama, unaiba!" Tumpe hakugeuka, kama tulivyoelekezwa. Baadaye nje alinikumbatia, tukalia kama wajinga.

Jumamosi, 22 Machi
Tadei tena. Ananuka pombe ya ulanzi. Mume wangu yuko shambani. Kasema leo shikamoo itatoka. Kavunja fimbo ya mpera, kamkaba Oliva shingo, anachapa, anachapa. Mdomo wa mtoto wazi, sauti hakuna. Damu miguuni.
Nikachukua mchi. Nikampiga kichwani. Alipoanguka nikampiga tena. Sijutii!

Jumapili, 23 Machi
Sijaenda kanisani. Tadei kashonwa kichwa, kawaambia polisi nilimvamia bure, mtoto kaumia kwa kuanguka. Mume wangu kasimama na kaka yake. Askari wa kike kaongea kwa upole: "Mama, shahidi ni mtoto. Asiposema yeye, tunakuchukua." Watarudi mchana.
Tangu asubuhi namwomba. Sema tu nani alikuchapa. Ananitazama. Nikambembeleza, nikampa soda. Nikamshika mabega, nikamtikisa. Sema! Kisha kofi. Mkono wangu mimi, shavuni.
Sasa hata mimi hanijibu.
Pikipiki ya polisi imezima hapo nje. Nimemwita aje nimshike. Kabaki pale mlangoni, ananipungia mkono.